Swichi, Stata na Kamba: Historia Fupi ya Maneno ya Injini ya Kupachika katika Pwani ya Bagamoyo

Utangulizi

Kaskazini ya mji wa Bagamoyo, katika njia iendayo Saadani, ipo kata ya Makurunge. Nchi hiyo i jirani na mito miwili, Ruvu na Wami, ambayo yote huingia baharini katika sehemu hiyo ya pwani. Ufuko wa Bagamoyo una kina kifupi. Maji yanapokupwa bahari hurudi nyuma mwendo mrefu, na vyombo hubaki vimelalia mchanga. Hiyo ilikuwa mojawapo ya sababu zilizowafanya Wajerumani kuhamishia makao yao makuu Dar es Salaam mwaka 1891. Lakini maji yaliyoikataa meli kubwa hayakumkataa mvuvi. Yalimtaka tu awe na chombo chepesi: ngalawa, dau, mashua, na katika siku zetu boti yenye injini iliyofungwa tezini kwa nje, ambayo huweza kuinuliwa pale maji yanapopungua.

Injini ya namna hiyo huitwa injini ya kupachika katika maandishi ya Serikali. Wavuvi wengi huiita mashine, basi. Na siku inapokataa kufanya kazi, hutamka sentensi moja ambayo kila mtu wa pwani ameisikia: "Mashine haiwaki."

Kwa sarufi, sentensi hiyo haina dosari. Kwa fundi, hata hivyo, haijasema jambo. Ndani yake zimo hitilafu nne zisizofanana, na kila moja ina tiba yake. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha jinsi maneno yetu ya kuwasha na kuzima injini ya boti yalivyotufikia, kwa njia ipi, na kwa nini njia hiyo imetuachia maneno ambayo mara nyingine humpoteza mvuvi. Suala hili linawahusu wafasiri wa vitabu vya maelekezo, walimu wa ufundi, na watumishi wanaoandika fomu na kanuni za vyombo vya majini.

Maneno yaliyotoka baharini kwenda nchi kavu

Yafaa tukumbuke kwanza kwamba katika habari za usafiri, bahari ndiyo iliyokuwa mwalimu wa nchi kavu. Neno usukani, lenye asili ya Kiarabu, lilikuwa la chombo cha majini kabla ya gari kuonekana katika nchi hizi. Gari lilipokuja, neno hilo lilishuka pwani likaingia barabarani, na leo mtoto wa Dodoma ambaye hajaiona bahari anajua usukani ni nini. Rubani alikuwa mtu wa kuongoza chombo majini. Sasa anaongoza ndege. Nahodha, jina lililotujia kutoka Kiajemi, amekuwa pia kiongozi wa timu ya mpira. Bandari, nalo la Kiajemi, limepata mwana aitwaye bandari kavu.

Hata maneno ya vyuma yalipitia baharini. Bomba na parafujo yametokana na Kireno, lugha ya mabaharia waliokuja kwa merikebu. Meli limetokana na neno la Kiingereza la barua za posta, kwa kuwa merikebu za moshi ndizo zilizoleta barua. Stima, jina la chombo kilichoendeshwa kwa mvuke, lilihamia Kenya katika mazungumzo ya watu na kuwa jina la umeme. Neno lililoanza kama jina la chombo limeishia kuwa jina la nguvu iwashayo taa.

Utajiri huo wa lugha ya bahari ulikusanywa na wenye kamusi. Padre Charles Sacleux, aliyefanya kazi Bagamoyo na Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, alichapisha kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa mjini Paris kuanzia mwaka 1939. Mwaka huo huo ilitoka kamusi ya Kamati ya Lugha, iliyosimamiwa na Frederick Johnson. Atakaye maneno ya tanga, mlingoti, foromali, omo na tezi hatatoka mikono mitupu katika vitabu hivyo. Kwa chombo cha upepo, Kiswahili kilikuwa kimekamilika.

Maneno yaliyotoka gereji kwenda baharini

Injini ya kupachika iliyopata soko kubwa mara ya kwanza ilitengenezwa Marekani, katika mji wa Milwaukee, na Ole Evinrude, mtu aliyezaliwa Norwe mwaka 1877 na kupelekwa Marekani akiwa mtoto. Aliianza biashara hiyo mwaka 1909. Alikuwa na watangulizi, kama vile Cameron Waterman, aliyekwisha kuuza injini zake miaka michache kabla. Kampuni ya Yamaha ya Japani ilitoa injini yake ya kwanza ya aina hii mwaka 1960, na jina lake likaja kujulikana sana katika pwani yetu. Jina la Evinrude lenyewe liliacha kutengenezewa injini mwaka 2020.

Njia ya kuiwasha injini hiyo imepita hatua tatu. Katika hatua ya kwanza mtu alishika kifundo kilichokuwa juu ya gurudumu zito la injini, akalizungusha kwa mkono; na injini iliporudisha teke, vidole ndivyo vilivyolipa. Katika hatua ya pili ikaja kamba ya kuvuta. Katika hatua ya tatu ikaja stata, yaani mota ndogo ya umeme inayoizungusha injini kwa nguvu ya betri. Jambo hili la tatu lilitoka barabarani: Charles Kettering ndiye aliyetengeneza stata ya umeme iliyowekwa katika magari ya Cadillac ya mwaka 1912, na baadaye ikafuata katika boti.

Kwa hiyo, injini ilipofika pwani yetu haikuja na jamaa wa nahodha na usukani. Ilikuja na jamaa wa gereji: swichi, betri, plagi, stata, fyuzi, koili, waya, shoti. Maneno hayo yalikwisha kuzoeleka kwa mafundi wa magari, na fundi wa gari ndiye aliyeitwa ufukoni mashine ilipokataa. Safari ya maneno ikageuka. Zamani bahari iliipa nchi kavu usukani. Sasa nchi kavu iliipa bahari swichi.

Wala hatusemi kwamba maneno hayo ni mabaya kwa kuwa ni ya kukopa. Kiswahili hakikudhurika kwa bandari wala kwa bomba. Tabu ni nyingine. Neno likihama pamoja na kitu chake, huhama pia na mazoea ya mahali lilikotoka. Neno swichi lilipopanda boti, lilipanda pamoja na gari lake.

Swichi ya gari na swichi ya boti

Katika gari tulilolizoea, swichi ni kama mlango wa umeme. Ukifungua kwa ufunguo, umeme wa betri hupita na kwenda kuleta cheche katika plagi. Ukifunga, umeme hukatika na injini huzima. Ndiyo maana twasema kukata moto, na usemi huo ni sahihi kwa gari.

Injini nyingi za kupachika, hasa ndogo zinazotumiwa na wavuvi, hazifuati mpango huo. Cheche yake haitoki katika betri. Wengine hawana betri kabisa. Hutoka katika sumaku zilizomo ndani ya lile gurudumu zito, ambalo mafundi huliita flaiwili. Gurudumu likizunguka, sumaku hupita mbele ya koili na umeme huzaliwa hapo hapo. Asili ya mtambo huo ni ya zamani: kampuni ya Robert Bosch ya Ujerumani ilitoa mwaka 1902 sumaku ya cheche yenye nguvu kubwa pamoja na plagi yake.

Basi, injini inayojizalia umeme wake huzimwaje? Haiwezekani kuifungia mlango, kwa maana umeme hautoki nje. Huzimwa kwa kuupa umeme njia nyepesi ya kupotelea. Kuna waya mmoja utokao katika mtambo wa cheche hadi kwenye swichi. Mtu anapozima, swichi huunganisha waya huo na chuma cha injini. Umeme hukimbilia huko, plagi hukosa cheche, injini hufa. Anapotaka kuwasha, swichi huuachanisha.

Msomaji ataona kwamba mambo yamepinduka. Katika gari, kuzima ni kukata. Katika injini hiyo ya boti, kuzima ni kuunganisha. Na hapo ndipo usemi wa kukata moto unapogeuka mtego.

Tuchukue mfano wa mvuvi aliyeiacha boti mlangoni mwa mto usiku kucha. Maji ya chumvi yameingia katika swichi. Asubuhi injini inazunguka vizuri lakini haishiki. Akifikiri kwa maneno ya gari, atasema: "Umeme haufiki, waya umekatika." Atatafuta mahali palipokatika, wala hatapaona. Atanunua betri, kisha plagi. Kumbe hakuna kilichokatika. Maji ya chumvi hupitisha umeme, nayo yameunganisha yale ambayo swichi ilipaswa kuyaachanisha. Injini inazimwa kabla haijawaka.

Kosa la upande wa pili lina hatari zaidi. Fundi wa gari akiukata waya huo kwa kudhani kwamba amezuia injini isiwake, atakuwa amefanya kinyume: injini itawaka, na ufunguo hautaweza kuizima tena. Mtu aliye majini karibu na rafadha hana nafasi ya kusahihishiwa tafsiri.

Sentensi moja, hitilafu nne

Sasa turudi kwenye "Mashine haiwaki." Kwa injini yenye ufunguo na stata, fundi mwangalifu huigawa sentensi hiyo kwa kusikiliza, kabla hajashika spana.

Kwanza, ufunguo unageuzwa na kuna kimya kitupu. Hapa huangaliwa kwanza gia, kwa kuwa injini nyingi zina swichi ndogo inayoizuia stata kufanya kazi gia ikiwa imeingia. Kisha huangaliwa fyuzi kubwa, vichwa vya betri vilivyoota kutu, na mwisho swichi ya ufunguo yenyewe.

Pili, unasikika mlio mmoja mkavu, halafu basi. Swichi imefanya kazi yake. Agizo limefika kwenye rilei ya stata. Kilichokosekana ni nguvu, au njia ya nguvu hiyo: betri imechoka, vichwa vyake vimelegea, au rilei imeungua.

Tatu, injini inazunguka kwa uvivu. Mara nyingi hiyo ni betri. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma kama volti 12.6, ikiwa wakati wa kuzungusha stata inashuka chini ya volti 9.6 hivi, haifai kulaumu swichi.

Nne, injini inazunguka kwa kasi yake ya kawaida lakini haishiki. Hapa betri na stata hazina kosa. Lililobaki ni mafuta au cheche. Na kama plagi haitoi cheche, ule waya wa kuzimia huchomolewa pale unapoingia kwenye injini, kisha plagi hujaribiwa tena. Cheche ikirudi, kosa limo katika swichi au katika waya wake, si katika injini. Mwenye kufanya jaribio hilo sharti ajue kabla jinsi atakavyoizima injini kwa kuinyima mafuta au hewa, na sharti aurudishe waya mahali pake kabla ya safari.

Hitilafu nne, tiba nne. Lakini katika tafsiri nyingi za maelekezo, yote hayo huitwa kuwasha na kutowaka. Mfasiri aliyeandika "ikiwa injini haiwaki, badilisha betri" anaweza kuwa amefuata neno la kitabu asilia na bado akampotezea mvuvi fedha ya mwezi mzima.

Kamba mbili

Upo mkanganyiko mwingine uliozaliwa katika tafsiri. Injini ya kupachika ina kamba mbili. Moja ni ya kuvuta ili kuiwasha injini. Nyingine hufungwa mkononi au kiunoni mwa mwendeshaji, na kibanio chake huingia katika swichi. Mtu akianguka majini, kamba hukivuta kibanio na injini huzima papo hapo, isije ikamzungukia na kumkata. Kamba ya kwanza ikivutwa huiamsha injini. Ya pili ikivutwa huiua.

Sasa maelekezo yakisema "vuta kamba," ni kamba ipi? Tena kibanio cha kamba ya pili kikiwa hakipo mahali pake, injini itazunguka mchana kutwa pasipo kushika, na hilo ndilo jambo la kwanza linalopaswa kutazamwa katika hitilafu ya nne. Wapo wanaokitupa kibanio hicho kwa kukiona kero, na kufunga kipande cha waya mahali pake. Lugha nayo ina sehemu yake katika kosa hilo. Kitu kisicho na jina lake huonekana kuwa hakina kazi.

Mapendekezo

Sheria Namba 27 ya mwaka 1967 iliyounda Baraza la Kiswahili la Taifa ililipa Baraza jukumu la kusimamia maendeleo ya lugha na usanifu wa maneno, na katika miaka ya 1970 vilianza kutoka vijitabu vya Tafsiri Sanifu. Kanuni iliyozoeleka katika kazi hiyo ni kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe, kisha katika lugha nyingine za Kiafrika, na kukopa mbali pale tu inapobidi. Kwa habari ya injini za kupachika twaongeza kanuni moja ndogo: kila istilahi ya hitilafu ilingane na jambo linaloweza kuonwa, kusikiwa au kupimwa na mtu aliye ndani ya boti. Kwa msingi huo twapendekeza yafuatayo.

(a) Kuwasha: tendo zima, tangu mwanzo hadi injini inapojiendesha yenyewe. Neno hili lisitumike kutaja hitilafu.

(b) Kuzungusha: kuigeuza injini kwa mkono, kwa kamba au kwa stata kabla haijajiendesha.

(c) Kushika: injini kuanza kujiendesha kwa moto wake yenyewe. Hivyo tutaweza kusema kwa uwazi: haizunguki, inazunguka lakini haishiki, inashika kisha inazima.

(d) Swichi ya ufunguo: ile yenye nafasi tatu, yaani kuzima, kuwa wazi na kupiga stata.

(e) Waya wa kuzimia: waya uletao amri ya kuzima kutoka kwenye swichi. Maelezo yake yaseme wazi kwamba unazima kwa kuunganishwa, si kwa kukatwa.

(f) Waya wa bodi: waya unaorudi kwenye chuma cha injini. Katika vitabu vya umeme wa majumbani huitwa waya wa ardhi. Lakini boti haina ardhi, na mwanafunzi ameuliza kwa haki iwapo waya huo wapaswa kushushwa majini.

(g) Kamba ya kuwashia na kamba ya usalama: zisiandikwe kamwe kuwa kamba tu.

(h) Cheche: kwa umeme wa plagi pekee. Neno moto, ambalo katika gereji hutumika kwa cheche, kwa umeme wa betri na kwa mwako wa mafuta, liachiwe mazungumzo.

Msomaji ataona kwamba karibu yote ni maneno yaliyopo. Kuzungusha, kushika na cheche hayakuhitaji kamati. Stata, swichi na plagi yamekwisha kuwa raia wa lugha hii, wala hakuna faida ya kuyatafutia badala.

Hitimisho

Kusini kidogo ya Bagamoyo kipo chuo cha uvuvi cha Mbegani, ambacho kilijengwa kwa msaada mkubwa wa Norwe, nchi alikozaliwa Evinrude. Katika vyuo vya namna hiyo mwanafunzi husoma kitabu cha Kiingereza, hufanya mtihani kwa Kiingereza, kisha hurudi ufukoni kumweleza mvuvi kwa Kiswahili. Mfasiri wa kweli wa injini ya kupachika ndiye huyo kijana, aliyesimama katika maji ya magotini huku watu wanne wakimngojea na maji yakianza kukupwa. Akipewa maneno yaliyopambanuliwa, ataipata hitilafu kwa dakika chache. Akipewa neno moja la kubeba mambo manne, ataanza kwa kubahatisha.

Wazee wa tanga hawakuwa na tabu hiyo. Walikuwa na jina la kila kamba katika chombo, kwa kuwa usiku, katika upepo, amri ya kushika kamba isiyo na jina ingewazamisha. Chombo kimebadilika, na kamba zimepungua hadi zimekuwa mbili. Haifai hizo mbili zikose majina.